Gari lijaribiwe kabla ya saini, si baada yake

Baada ya kiwanja na nyumba, gari ndiyo mali ya bei kubwa kuliko zote anazonunua mfanyabiashara mdogo wa Unguja. Kwa wakazi wengi wa Mpendae, Amani na Kiembe Samaki si chombo cha kutembelea tu, bali ni mtaji: Noah ya kupeleka watalii Paje na Nungwi, Suzuki Carry ya kusambaza soda na maji madukani, Hiace ya abiria. Ajabu ya soko hili ni kwamba mnunuzi yule yule anayefungua mashavu ya samaki kabla ya kutoa shilingi elfu kumi hupokea gari la milioni ishirini kwa kulizungusha mara moja tu mbele ya yadi, dalali akiwa amekaa pembeni yake anazungumza bila ya kupumua.

Desturi hii ina asili yake. Kabla ya milango ya biashara kufunguliwa katikati ya miaka ya 1980, gari lilikuwa kitu cha kugawiwa. Aliyepata kibali hakuuliza habari za giaboksi. Alishukuru na kuondoka nalo. Siku hizi magari ni mengi, ya Japani yanayokuja moja kwa moja na ya Japani yanayopitia Dubai, lakini tabia ya kushukuru imebaki. Muuzaji anaijua vizuri na huitumia.

Jambo jingine linalofaa kueleweka mwanzoni ni neno "jipya". Katika mazungumzo ya Unguja, "gari jipya" mara nyingi ni gari lililotumika Japani miaka kumi au zaidi na ambalo bado halijafungwa nambari ya Zanzibar. Upya wake ni wa nambari tu. Gari jipya hasa, lililotoka kiwandani na kununuliwa kwa wakala aliyeidhinishwa, nalo lina maradhi yake, kama itakavyoelezwa, lakini hatari za aina hizi mbili hazifanani na majaribio yake hayafanani.

KUPOKEA NI NINI

Somo la wiki hii linaanza kwenye karatasi kabla ya kufika barabarani. Watu wengi hudhani kwamba kupokea gari ni kukabidhiwa funguo. Kisheria, kukabidhiwa ni jambo moja na kukubali ni jambo jingine, na fedha za mnunuzi ziko katika nafasi iliyopo kati ya mambo hayo mawili.

Sheria za mauzo ya bidhaa za Afrika Mashariki zilichukuliwa kutoka Sheria ya Kiingereza ya mwaka 1893. Kifungu cha 34 cha sheria hiyo kilimpa mnunuzi haki ya kupata nafasi ya kuzikagua bidhaa kabla ya kuhesabiwa kuwa amezikubali. Kifungu cha 35 kilieleza jinsi haki hiyo inavyokwisha: mnunuzi akimwambia muuzaji kwamba amekubali; akiifanyia bidhaa jambo linalopingana na umiliki wa muuzaji, kwa mfano kuiuza tena; au akikaa nayo muda wa kutosha bila ya kusema kwamba anaikataa. Kabla ya kukubali, mnunuzi aliyeuziwa gari bovu anaweza kulirudisha na kudai fedha zake zote. Baada ya kukubali, anabaki na gari lake, na haki yake ni kudai fidia tu. Tofauti baina ya hali hizi mbili ni kubwa. Wa kwanza ana fedha mkononi. Wa pili ana gari bovu na kesi.

Mfano unaofundishwa mpaka leo katika vyuo vya sheria ni ule wa Bwana Bernstein wa Uingereza. Mwaka 1984 alinunua Nissan Laurel mpya kabisa kwa kiasi cha pauni 8,000. Baada ya wiki tatu hivi, gari likiwa limetembea takriban maili 140 tu, injini ilikwama njiani. Ilikuja kubainika kuwa tone la gundi ya kuzibia lilikuwa limeingia katika njia ya oili tangu kiwandani. Bernstein alikataa gari na kutaka fedha zake. Jaji alikubali kwamba gari halikuwa na ubora unaotakiwa, lakini akasema kwamba wiki tatu zilitosha kulijaribu, kwa hiyo alikuwa amekwisha kulikubali. Akapewa fidia, akabaki na gari. Hukumu hiyo, iliyochapishwa mwaka 1987, ililalamikiwa sana, na mahakama za juu za huko baadaye zililegeza msimamo. Mwaka 2015 Uingereza ilitunga sheria inayompa mlaji wa kawaida siku 30 za kurudisha bidhaa mbovu. Mnunuzi wa Mpendae hana siku 30 hizo za Uingereza. Yeye yuko karibu zaidi na Bernstein.

Kesi ya pili ni ya zamani zaidi, na kwa mfanyabiashara ni ya kuogopwa zaidi. Mwaka 1919 mahakama ya Uingereza ilitoa uamuzi juu ya wanunuzi wa mapipa ya gundi waliokwenda ghalani kuyakagua. Nafasi ya kuyafungua walikuwa nayo, lakini walikuwa na haraka, wakayatazama kwa nje tu. Gundi ilipoonekana kuwa mbovu, mahakama ilikataa dai lao: waliokagua hawawezi kulalamikia kasoro ambayo ukaguzi huo, kama ungefanywa sawasawa, ungeionyesha.

Hapo ndipo penye mtego. Kulizungusha gari dakika tano mbele ya yadi kunaweza kuwa kubaya kuliko kutolijaribu kabisa. Muuzaji atasema, na atasema kweli, "Ami, ulilijaribu mwenyewe, ukasema liko sawa." Kwa hiyo anayejaribu ajaribu kikamilifu, vinginevyo aandike kwamba hajajaribu.

SIKU TATU

Wanunuzi wa Zanzibar hawakuanza kuijua hoja hii kutoka kwa Waingereza. Fiqhi ya biashara ina mlango mzima wa khiyari, yaani haki ya kuendelea na mauzo au kuyavunja. Kuna khiyari ya kasoro, ambapo aliyeuziwa kitu chenye aibu iliyofichwa anaweza kukirudisha. Kuna khiyari ya sharti, ambapo wawili hukubaliana kwamba mmoja wao, au wote, apewe muda wa kufikiri. Na kwa madhehebu ya Shafi, yanayofuatwa na wengi hapa Unguja, muda huo haupiti siku tatu. Mahakama za Kadhi za Zanzibar hazisikilizi kesi za magari, kwani mamlaka yake ni ndoa, talaka, mirathi na mambo ya namna hiyo. Lakini hakuna kinachomzuia mnunuzi kuliandika sharti hilo katika mkataba wa kawaida, na sheria ya asili ya Kiingereza inalitambua chini ya jina la mauzo kwa kuridhika: mali haihami mpaka mnunuzi aseme ameridhika, au muda uliowekwa upite bila ya yeye kusema kitu.

Maneno yenyewe hayahitaji wakili wa bei kubwa. Yanatosha haya, yakiandikwa juu ya hati ya makabidhiano kabla ya saini: "Gari limechukuliwa kwa majaribio ya siku tatu. Mnunuzi ana haki ya kulirudisha na kurejeshewa fedha zote likionekana na kasoro." Muuzaji mkweli atapunguza siku au ataweka kikomo cha kilomita, na ni haki yake. Muuzaji anayekasirika kwa kuonyeshwa sentensi hizo mbili ameshatoa habari muhimu kuliko zote kuhusu gari lake, na hakutoza chochote.

Arubuni nayo iandikwe. Mara nyingi fedha za kushikia gari hutolewa kwa mdomo, na pande mbili huondoka kila mmoja na ufahamu wake: mnunuzi anaamini zitarudi gari likishindwa majaribio, muuzaji anaamini zimekwisha kuwa zake. Wanazuoni wenyewe wamekhitilafiana kuhusu arubuni isiyorudi, wengi wakiikataa. Risiti yenye mstari mmoja zaidi inamaliza ubishi.

BARABARANI

Majaribio ya maana huchukua saa moja na nusu, na nusu ya muda huo gari limesimama. Mnunuzi aende asubuhi, kabla ya yadi kuchangamka, bila ya kutoa taarifa ya saa kamili. Afike na kuweka mkono juu ya boneti. Likiwa na joto, injini imewashwa kabla yake, na injini iliyokwisha kupashwa moto huficha ugumu wa kuwaka, sauti za vyuma vikavu na moshi wa mwanzo. Hapo aseme kwa upole kwamba atarudi kesho.

Kabla ya kuwasha, funguo izungushwe mpaka taa za dashibodi ziwake bila ya injini. Zote ziwake, kisha injini ikiwaka zizime. Watu hutazama kama taa ya injini imezimika. Wachache hutazama kama iliwaka kwanza. Taa isiyowaka kabisa huenda imeondolewa balbu au imefunikwa, na hilo si bahati mbaya. Fundi mwenye kifaa cha kusoma kompyuta ya gari ataona zaidi, pamoja na kama kumbukumbu ya hitilafu imefutwa siku hiyo hiyo, maana baada ya kufutwa kompyuta huonyesha kwamba bado haijamaliza kujipima.

Moshi una lugha yake. Wa buluu ni oili inayoungua. Mweusi ni mafuta yanayozidi. Mweupe unaopotea baada ya dakika chache ni unyevu tu, lakini mweupe usiokoma, pamoja na utando wa rangi ya chai ya maziwa chini ya kifuniko cha oili, ni dalili kwamba maji na oili vimekutana ndani ya injini. Mnunuzi akiona hayo asiendelee na safari.

Kisha barabara. Kutoka Mpendae njia nzuri ya majaribio inapatikana bila ya kwenda mbali, na mnunuzi ndiye aichague, si dalali. Aanze kwenye msongamano wa Mwanakwerekwe, kiyoyozi kikiwa kimewashwa chote, gari likienda na kusimama. Hapo ndipo rejeta na feni zinapojulikana. Gari linalopoza vizuri likiwa mbioni huweza kuchemka likisimama katika foleni. Baadaye aelekee upande wa Tunguu, ambako barabara inamruhusu kufika kilomita 80 kwa saa kihalali, asikilize matairi na beringi, na penye sehemu iliyonyooka na salama alegeze mikono kidogo aone kama usukani unavuta upande. Breki zishikwe mara kadhaa, polepole kwanza, halafu kwa nguvu, baada ya kutazama nyuma. Pedali inayotetemeka mguuni inasema kwamba diski zimepinda.

Shida ya Unguja ni milima, kwa sababu hakuna. Sehemu ya juu kabisa ya kisiwa, huko Masingini, ni kiasi cha mita 120 tu kutoka usawa wa bahari. Hata hivyo mpando wa Kidichi unatosha kwa anayetaka kujua afya ya giaboksi. Gari lipandishwe likiwa na watu watatu au wanne, si dereva peke yake, kwa sababu ndivyo litakavyofanya kazi. Gia otomatiki inayosita kabla ya kubadilika, au injini inayopiga kelele na gari lisiongeze mwendo, ni gharama kubwa inayokaribia. Jaribio jingine lifanyike gari likiwa limesimama, mguu ukiwa kwenye breki: kutoka mbele kwenda nyuma, na nyuma kwenda mbele. Pasipite sekunde mbili bila ya gari kushika, na pasiwe na kishindo.

Kabla ya safari hiyo yote, swali moja liulizwe: gari lina bima na kibali cha kuwa barabarani? Gari ambalo halijasajiliwa haliwi halali kwa sababu tu linajaribiwa. Likigonga baiskeli Mwanakwerekwe, mjadala wa nani alikuwa mwenye gari saa ile hautakuwa wa nadharia.

Yapo ambayo barabara haiyaonyeshi. Tairi lina nambari nne ubavuni. Mbili za mwanzo ni wiki na mbili za mwisho ni mwaka, kwa hiyo 2319 ni tairi lililotengenezwa wiki ya 23 ya mwaka 2019. Matairi yenye mikunjo mingi myembamba ni ya theluji ya Japani. Yanaonekana mapya na yenye kina, lakini ni laini na kwenye lami yenye joto huisha upesi. Chini ya gari kutazamwe kutu, kwani mikoa ya kaskazini ya Japani humwaga chumvi barabarani wakati wa baridi, na hewa ya bahari ya Unguja inaendeleza kazi iliyoanzwa kule. Nambari ya chesisi isomwe kwenye chuma chenyewe, siyo kwenye kibandiko, na ilinganishwe herufi kwa herufi na hati ya kusafirishia.

Suala la mafuriko nalo limekuwa kubwa. Mvua ya Aprili 2024 katika Falme za Kiarabu ilikuwa kubwa kuliko zote tangu kumbukumbu zianze kuwekwa mwaka 1949, na magari mengi ya Dubai na Sharjah yalizama. Gari lililozama likisafishwa hupendeza kuliko jirani yake. Dalili ziko mahali pasipofikiwa na kitambaa: kutu kwenye skrubu za chini ya viti, matope ndani ya mifuko ya mikanda inapojikunjia, ukungu ndani ya taa. Mkanda wa usalama uvutwe mpaka mwisho wake na unuswe.

Na zipo kasoro ambazo fundi yeyote hawezi kuziona. Mifuko ya hewa ya kampuni ya Takata ya Japani, iliyofilisika mwaka 2017, ilisababisha urejeshaji mkubwa kuliko wowote katika historia ya magari, kwa sababu kemikali yake huharibika kwa joto na unyevu wa miaka mingi, kisha mfuko hulipuka na kurusha vipande vya chuma. Joto na unyevu ndiyo hali ya hewa ya Zanzibar. Njia pekee ni kupeleka nambari ya chesisi kwa mtengenezaji au wakala wake na kuuliza kama kifaa kilibadilishwa.

HESABU YAKE

Wafanyabiashara husikia somo vizuri zaidi likiwa na tarakimu. Tuchukue mfano wa kubuni wa mtu wa Mpendae anayenunua Noah ya watalii kwa shilingi milioni 24, milioni 8 zake na milioni 16 za benki, marejesho yakiwa laki saba kwa mwezi. Gari linamwingizia shilingi 60,000 kwa siku baada ya mafuta na dereva, siku 26 kwa mwezi, yaani 1,560,000. Biashara inaonekana nzuri.

Mwezi wa pili giaboksi inakufa. Nyingine iliyotumika pamoja na ufundi ni milioni tatu na nusu, na gari linalala gereji siku 18 za kazi, ambazo ni 1,080,000 za mapato yaliyopotea. Jumla 4,580,000, karibu asilimia 19 ya bei ya gari. Marejesho ya benki hayakuhesabiwa humo, kwani yangelipwa kwa vyovyote, isipokuwa mwezi huo yanatoka mfukoni badala ya kutoka kwenye gari. Ikiwa ni Julai au Agosti, wakati wageni ni wengi, hasara haiishii hapo: kampuni ya utalii iliyokuwa ikimpa kazi imekwisha kumpata mwingine.

Upande wa pili wa daftari ni gharama ya majaribio. Fundi makanika kwa nusu siku, tuseme 50,000. Kusoma kompyuta ya gari, 20,000. Mafuta, 30,000. Jumla ni laki moja. Fundi huyo awe wa mnunuzi, asiwe aliyependekezwa na dalali, na alipwe hata akisema gari halifai. Fundi anayelipwa gari likinunuliwa tu amegeuka kuwa dalali wa pili.

GARI LISILOWEZA KUJARIBIWA

Anayeagiza Japani hana nafasi ya kujaribu, na lazima atafute mbadala. Karatasi ya mnada ndiyo iliyo karibu zaidi na majaribio: hutoa daraja, kwa kawaida 4 au 4.5 kwa gari safi na 3.5 kwa lenye alama zake, wakati R au RA ni gari lililowahi kugongwa na kutengenezwa. Karatasi hiyo pia huandika kilomita, na hapo ndipo wengi wamegundua kwamba gari la kilomita 68,000 lililoko yadi liliuzwa mnadani likiwa na 168,000. Mnunuzi aombe karatasi ya asili na kuilinganisha mwenyewe na nambari ya chesisi, kwani tafsiri zinazotumwa kwa simu hupoteza mistari isiyopendeza.

Aelewe pia masharti ya bei. Akinunua kwa bei inayojumuisha bima na nauli, hatari ya safari huwa yake tangu gari linapopakiwa melini Japani. Redio na tairi la akiba vikikosekana Malindi, muuzaji wa Japani hausiki tena. Anayedaiwa ni bima au mchukuzi, na dai hilo huanzia kwenye maandishi. Kioo kilichopasuka kiandikwe kwenye hati ya kutolea bandarini kabla wakala wa forodha hajaliwasha gari. Wakala akitia saini kwamba limepokewa katika hali nzuri, saini yake ni ya mwenye gari.

Sababu ya kuwa mwangalifu zaidi kuliko jirani ipo. Kenya hairuhusu kuingiza magari yaliyopita miaka 8, na Uganda iliweka kikomo cha miaka 15 mwaka 2018. Magari yanayokataliwa na soko moja hutafuta jingine. Pale ambapo serikali haikuweka kikomo cha umri, kazi ya kuchuja inabaki kwa mnunuzi.

Kwa gari jipya la kiwandani, mkazo ni tofauti. Wakala huwa na orodha ya ukaguzi wa kabla ya makabidhiano. Mnunuzi aombe nakala iliyotiwa saini, si kuambiwa kwamba "limeshakaguliwa". Atazame kilomita. Chache ni za kawaida, mia kadhaa zinahitaji maelezo. Gari lililokaa miezi ghalani huwa na betri dhaifu, diski zenye kutu na matairi yaliyobonyea upande mmoja, na yote hayo ni ya kutengenezwa na muuzaji kabla ya saini. Funguo za akiba zidaiwe siku hiyo hiyo, maana za magari ya sasa zina gharama yake.

MURABAHA NA SAINI MBILI

Imebaki sehemu inayowahusu wanaonunua kwa murabaha, na idadi yao si ndogo hapa Zanzibar. Katika utaratibu huu benki haitoi fedha. Hununua gari kwanza, kisha humuuzia mteja kwa bei ya juu inayolipwa kidogo kidogo. Kwa maana hiyo kuna mauzo mawili na makabidhiano mawili. Mara nyingi benki humteua mteja huyo huyo kuwa wakala wake wa kulipokea gari kutoka kwa muuzaji. Anapotia saini mara ya kwanza, anapokea kwa niaba ya benki. Anapotia saini mara ya pili, anaikubalia benki kwamba gari liko kama alivyolitaka. Akigundua kasoro baada ya hapo, muuzaji atamwambia kwamba mnunuzi wake ni benki, na benki itamwonyesha karatasi yake mwenyewe.

Majaribio basi yafanyike kabla ya saini ya kwanza, na matokeo yake yapelekwe benki kwa maandishi. Mteja aulize pia kama mkataba wa benki unamhamishia dhamana ya muuzaji, ili aweze kumdai moja kwa moja. Kama haumo, aombe uongezwe.

Aliyekwisha kupokea na akakuta kasoro asiendelee kulitumia gari huku akilalamika. Kila siku ya kazi inahesabiwa kuwa dalili ya kukubali, na kubandika jina la kampuni ubavuni kunahesabika zaidi. Aliegeshe, aandike barua yenye tarehe kwamba amelikataa na kwa sababu gani, na aipeleke kwa muuzaji akiwa na shahidi au apate muhuri wa kupokelewa. Muuzaji asipojibu, malalamiko yanaweza kupelekwa Tume ya Ushindani Halali wa Biashara Zanzibar, iliyoundwa chini ya Sheria Namba 5 ya mwaka 2018, pamoja na nakala ya mkataba, risiti, hati ya makabidhiano na ripoti ya fundi.